Aliyeitikia Hodi

Kibao kilisimikwa mdomoni mwa njia iingiayo msitu wa Chitsaka, pale ukiipita Mwabungo kuelekea Galu, na hakuna aliyemwona aliyekisimika. Kilikuwa cha bati jeupe na herufi nyekundu: HAKUNA KUINGIA MSITUNI BILA KIBALI. Basi, kikaishia hapo. Kibali hicho kinatolewa na nani, wapi, kwa masharti gani, kibao hakikusema. Nasi watu wa pwani ya kusini tunajijua. Kitu kikiandikwa kwa herufi kubwa hatuulizi kimezaliwa na nani. Tulikisoma, tukasema haya, tukarudi majumbani tukisifiana kwa utii wetu.

Walioumia ni wageni. Chitsaka ni kisitu kidogo tu, lakini kina mbega, kina vipepeo, na kina kijia kinachozunguka miti mikubwa kisha kikakurudisha palepale ulipoanzia kabla hujachoka, na hayo ndiyo matembezi ayapendayo mtu wa likizo. Wakawa wanashuka kwenye tuktuk kutoka hoteli za Diani, wanasoma kibao, wanatazama kushoto, wanatazama kulia, wanakuna vichwa.

Asubuhi moja Luqman alipita hapo, akawaona wanavyokuna vichwa. Akasimama.

Mama yake alimpa jina la yule mwenye hekima anayetajwa katika Kurani, akitumai. Hekima ilikuja kweli, ila ilikuja bila adabu yake. Huyu ndiye aliyewahi kumkodisha mtalii kiti cha ufukweni ambacho hoteli ya mtalii huyohuyo ilikuwa imemwekea bure. Huyu ndiye aliyewauzia watu wa bara tiketi za kutazama maji yakipwa, na maji yalipopwa kwa wakati wakampigia makofi. Naweza kumsimulia bila wivu wala uchungu, maana mimi ni mtu wa Tiwi, na watu wa Tiwi hatutapeliwi kirahisi. Hutapeliwa polepole, tena kwa mapumziko.

Lakini safari hii Luqman hakuwa akitafuta pesa ya kula tu. Alikuwa akimtaka Twaiba, fundi cherehani wa Ukunda, na Twaiba alikuwa akimtaka yeye, Mungu amsamehe. Kikwazo kilikuwa Bi Mishi, mama yake Twaiba. Bi Mishi alimuuliza swali moja tu siku alipokwenda kujitambulisha.

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Niko kwenye utalii, mama."

"Utalii ni bahari. Wewe humo ndani ni samaki gani?"

Luqman akaeleza. Akaeleza tena. Alipokuwa akivuta pumzi ili aeleze mara ya tatu, Bi Mishi akamkata. "Binti yangu simpi mtu ambaye kazi yake inahitaji maelezo mawili. Nenda katafute ya neno moja. Mvuvi. Mwalimu. Mchinjaji. Kisha urudi."

Ndiyo maana alisimama mbele ya kibao kile. Neno moja alikuwa ameliona: afisa.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Japheth, kiongozi wa kikundi cha wapanda milima kutoka Nairobi, amevaa viatu vya mlimani katika nchi ambayo mlima wake mrefu ni kichuguu.

"Buda, hii kibali inatolewa wapi?"

Luqman akamtazama, kisha akakitazama kibao kwa upole, utadhani ni mtoto wake wa kwanza.

"Kwanza, Assalaam alaykum."

"Eh, pole. Salama, salama."

"Pili, mmefika."

"Ofisi iko wapi sasa?"

"Ofisi ni mimi. Meza iko njiani."

Na meza ikaja kweli, ya kuazima kwa muuza viazi vya karai. Kesho yake ikaja shati ya kijani kutoka mitumba ya Ukunda, yenye maneno ya kigeni yaliyotariziwa kifuani. Mjerumani mmoja aliyasoma akacheka mpaka akapangusa macho, lakini alilipa. Muhuri ulitoka kwenye shule ya chekechea iliyofungwa. Uliandikwa AMEFAULU, na kila aliyepigwa muhuri huo alionekana kuridhika, hata watu wazima wenye vyeo. Mbele ya meza Luqman alibandika karatasi: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Alidhani anajua maana yake.

Kulikuwa na Kibali cha Kutembea. Kulikuwa na Kibali cha Kusimama, kwa kuwa asiyetembea hawezi kutumia cha kutembea. Kisha kulikuwa na Kibali cha Kivuli.

"Lakini kivuli si ni cha mti?" Japheth aliuliza.

"Na mti umesimama wapi?"

"Kwa msitu."

"Na wewe msituni una ruhusa ya nini?"

"Ya kutembea."

"Basi tembea juani."

Japheth akafikiri, akaona sheria imekaa sawa. Tena akaona zaidi ya hapo, maana naye hakuwa mtoto. Akanunua vibali vya kivuli vya kundi zima kwa bei ya jumla, akaenda nyuma ya tuktuk, akawauzia wenzake kwa rejareja. Luqman alimwona akiuza, akamheshimu. Mwizi kumwona mwizi mwenzake ni kama kumwona ndugu kituo cha mbali: unafurahi, na unashika mfuko.

Sasa lilikuja jambo la hodi, na hapa nakuomba utulie, maana ndipo kisa kizima kinapolala.

Mama mmoja katika wageni alilalamika. Alisoma mahali kwamba misitu ya huku ina mila zake, na mbona yeye hapewi mila? Luqman akakumbuka bibi yake. Bibi alipokwenda kuokota kuni zilizoanguka, alisimama ukingoni mwa msitu akavua ndara, akaita hodi mara tatu, akangoja kidogo, ndipo akaingia taratibu. Hakuna aliyemwitikia, wala hakungoja kuitikiwa. "Msitu hauna mdomo," alikuwa akisema. "Ukinyamaza, ndiyo karibu yake. Ukijibu, kimbia."

Basi Luqman akawafundisha wageni kuita hodi. Wakaita. Msitu ukanyamaza, kama inavyopasa. Wageni wakatazamana na nyuso za watu waliopunjwa chenji.

Mfanyabiashara haachi mteja aondoke na uso wa namna hiyo. Kundi lililofuata lilipokuwa likivua viatu, Luqman alizunguka nyuma ya mti mkubwa wa mbambakofi ulio mlangoni mwa njia, na waliposema hodi ya tatu akaitoa sauti kutoka tumboni: "Kaaaribuuuni!"

Wee! Walishikana mikono. Mmoja alilia. Mbega walikimbia juu ya matawi, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ishara. Tangu siku hiyo hapakuwa na kibali kilichouzika kuliko Kibali cha Kuitikiwa, na kopo la maziwa ya unga alilofanya benki lilikuwa halifungiki.

Akarudi kwa Bi Mishi akiwa na shati yake ya kijani.

"Afisa," alisema. Neno moja.

"Afisa wa wapi?"

"Msitu wa Chitsaka."

Bi Mishi akainua birika. Kisha akamjazia kikombe cha pili cha chai, akamsogezea na mahamri. Sisi wanaume wa huku mama mkwe akitujazia kikombe cha pili huanza kufikiria nani atapika pilau ya harusi. Luqman aliondoka pale akipiga mluzi, wala hakujiuliza kwa nini Bi Mishi hakuuliza swali lingine hata moja.

Siku ya siku, Japheth alikuwa amerudi na kundi kubwa kuliko la kwanza. Wote wamepigwa muhuri wa AMEFAULU, wamepangwa mstari, wamevua viatu. Luqman yuko nyuma ya mbambakofi akimalizia kiazi cha karai. Akasikia hodi. Ilikuwa hodi nzuri, iliyonyooka, si ile hodi ya Nairobi inayouliza. Hakulitilia hilo maanani. Akameza, akajaza kifua.

"Kaaaribuuuni! Karibuni, wanangu!"

Ikarudi sauti moja, taratibu: "Wanangu?"

Alichungulia akaona leso, na leso, na leso nyingine. Walikuwa kina mama wa Chitsaka, ambao mama zao na bibi zao ndio walioutunza msitu ule tangu zamani, na kila mmoja ana ufagio mkononi. Mbele yao, Bi Mishi. Nyuma kabisa, Twaiba, ameziba mdomo kwa leso, haijulikani analia au anafanya nini.

"Shikamoo, mama," Luqman alisema, bado yuko nyuma ya mti.

"Marahaba. Nani ameitikia hodi?"

Hapo alikuwa na njia mbili, na nakuomba usimcheke kabla hujasimama alipokuwa amesimama. Akisema si mimi, basi ni tapeli aliyejificha nyuma ya mti na kiazi mkononi, mbele ya mchumba, mbele ya mama mkwe, mbele ya wateja wake. Akisema ni mimi, angalau bado ana neno lake moja. Akatoka, akajipangusa mafuta ya midomo.

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye mwenyeji hapa."

"Sema tena, wenzangu wasikie."

"Mimi ndiye mwenyeji."

Kina mama wakapiga vigelegele. Luqman, maskini, akatabasamu.

"Alhamdulillahi," Bi Mishi alisema. "Tangu mzee Mbwana atutoke tunaomba Mungu atupe mtu. Mwenyeji wa Chitsaka hachaguliwi wala haandikwi. Anayeitikia hodi kwa mdomo wake mwenyewe, ndiye. Anafagia njia kabla ya jua, anaokota takataka za wageni, anakesha na mbega wakiugua. Huu hapa ufagio."

"Na mshahara, mama?"

"Wa nini?"

"Wa uafisa."

"Afisa ni nani? Wewe umesema mwenyeji." Bi Mishi akamgeukia Japheth. "Mwanangu, na nyinyi wote huyu amewakaribisha?"

"Ndio, mathe. Siku ile na leo pia. Tuko na stakabadhi."

"Akawakaribisha, kisha akawatoza?"

Wote wakainamisha vichwa kwa aibu. Hata mimi nilipohadithiwa nilisikia aibu, nami nilikuwa mbali sana. Maana kwetu unaweza kumwibia mtu, na unaweza kumdanganya mtu, na watu wakasema ndiyo maisha. Lakini kumwambia mtu karibu, halafu ukamdai pesa za kukaribia, hilo halijawahi kusemwa hata katika matusi.

"Astaghfirullah," kina mama walisema kwa pamoja.

"Hao ni wageni wako, Luqman," Bi Mishi alisema. "Wako hapa tangu asubuhi. Umewapa nini? Hata maji?"

Luqman akamtazama Twaiba. Twaiba alishusha leso kidogo, akamwonyesha kopo kwa macho.

Likafunguliwa. Akatumwa mtu sokoni. Nazi zikakunwa palepale, ukapikwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, na kachumbari yenye pilipili ya kuwakumbusha watu wa bara kwamba wamefika pwani. Japheth na kundi lake walikula kwa bidii ya watu wanaokula hela zao wenyewe. Kopo lilipokuwa jepesi, kilichobaki Bi Mishi alikitia katika pindo la leso. "Cha msitu," alisema. Luqman aligawiwa sufuria akwangue ukoko.

"Lakini shati nzuri, buda," Japheth alimwambia akiondoka.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, Luqman akajikaza.

"Mama. Kazi sasa ninayo. Neno moja. Je, Twaiba?"

"Unayo, na mimi nimefurahi. Ila mwenyeji wa msitu hana nyumba mbili. Siku utakapopata wa kukupokea ufagio, siku hiyo nitamwita shehe."

"Nitamleta kesho! Nina rafiki zangu tele pale ufukweni."

"Hubembelezi mtu, humlipi mtu, humwelezi mtu. Aitikie mwenyewe, kama ulivyoitikia wewe."

Basi ndivyo mjanja wa Diani alivyokuwa mfagiaji wa Chitsaka. Alfajiri unamkuta ameinama, ufagio mkononi, shati ya kijani imepauka mgongoni. Vibali hakuna tena. Anayetaka kuingia anavua viatu, anaita hodi, anangoja, anaingia, bure. Marafiki zake wa ufukweni walipata habari, na kila akipita mmoja hufunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwenyewe Luqman alikuwa akijicheka. "Nimeuza kila kitu cha watu," alimwambia Twaiba alipomletea chakula, "na nimenunuliwa kwa neno la kumkaribisha mgeni." Lakini usiku alikuwa hacheki. Twaiba alikuwa akishona nguo za maharusi wengine, na Luqman alijua subira ya mwanamke ina pindo lake.

Hapa naomba nijitie mwenyewe.

Mimi ni mwandishi wa vitabu. Hujavisoma, usijali, hamko wachache. Kisa hiki nilikisikia kwa muuza kahawa Ukunda, nikacheka mpaka nikamwaga kikombe, nikasema lazima nikaandike habari za huyu bwege. Nikapanda bodaboda asubuhi hiyohiyo nikiwa na kalamu mbili, nimeshatunga na sentensi ya kwanza, ya dharau.

Nilifika Chitsaka nikakuta kibao, sikukuta mtu. Niliingia. Sikuita hodi, nakiri, maana nilikuwa nimekuja kucheka, na mtu anayekuja kucheka huwa hana adabu nyingi. Chini ya mbambakofi palikuwa na mkeka safi. Juu ya mkeka palikuwa na birika la kahawa, kikombe kimoja, na kisahani cha haluwa. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nikasema, bila shaka mwenyewe atarudi sasa hivi, nitamwambia nilikuwa nikimlindia nzi wasitue. Nikaketi. Nikaonja haluwa. Nikaionja tena upande wa pili.

"Hodi!"

Sauti ilitoka njiani, sauti ya mtu aliyechoka. Nikanyamaza. Si kwangu.

"Hodi jamani!"

Nikatafuna polepole. Nilikumbuka kisa, ndiyo, nilikikumbuka chote. Lakini jiweke mahali pangu. Umeketi kwenye mkeka wa watu. Mdomoni mna haluwa ya watu. Mtu mzima amesimama juani anabisha, na hodi ya pili imeshapita. Marehemu mama yangu alinifundisha kwamba nyumba inayoacha hodi ya tatu ikae hewani si nyumba, ni gofu.

"Hodi wenyewe?" Sauti ilitetemeka kidogo mwishoni. Baadaye niliambiwa ule mtetemo alikuwa akiufanyia mazoezi tangu mfungo.

"Karibu!" nikasema.

Vigelegele vilitoka vichakani pande zote. Twaiba aliruka kutoka nyuma ya mkwaju, leso imemwanguka. Luqman alikuja mbio kutoka njiani, akanikumbatia, akanibusu paji la uso, akaniwekea ufagio mapajani, na mpaka leo sijaona mtu aliyefurahi namna ile. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Bi Mishi alikuja nyuma yao kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Haluwa imekolea?"

"Imekolea, mama. Lakini hebu niambie kweli, maana mimi ni mtu wa kusoma. Mila hii ya anayeitikia hodi, ina umri gani?"

"Ina umri sawa na kibali cha kivuli," Bi Mishi alijibu. "Luqman alibuni yake, nami nikabuni yangu. Yangu ina wali."

"Na kibao?"

"Rangi nilinunua mwenyewe."

"Mbona hukuandika kibali kinapatikana wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Vijana wote wako hotelini, msitu hauna mtu. Nilihitaji mtu mwenye maneno, anayeweza kuketi mlangoni kutwa bila kuchoka na wageni. Kibao cha namna ile, mwaminifu akikisoma hurudi kwao. Anayebaki ni mtu wangu."

Nikahi ilisomwa Ijumaa iliyofuata, msikiti wa Mwabungo. Nasikia pilau ilikuwa nzuri. Mimi sikuhudhuria, njia ilikuwa na majani. Luqman siku hizi ana kibanda cha viazi vya karai, na akiulizwa kazi yake hujibu kwa neno moja.

Utaniuliza, kama mila yenyewe ni ya kubuni, kwa nini siondoki? Nimejiuliza hivyo kila alfajiri nikiwa nimeinama. Jibu ni la aibu: nilikuwa nimeshasema karibu. Isitoshe mbega mmoja amezaa, na nani atawazuia watu wa Japheth kumlisha biskuti?

Lakini nina kitabu cha kumaliza, na mgongo si wa ujana tena. Kwa hiyo ukiwa Diani, ukichoka na jua, pita Chitsaka. Hapana malipo, hapana kibali, usijali kibao. Chini ya mbambakofi utakuta mkeka, kahawa ya moto, na haluwa niliyoichagua mwenyewe. Mwenyewe sitakuwepo, nitakuwa njiani kidogo, juani, nimechoka. Utasikia mtu anabisha. Najua ulilelewa vizuri.

Mgeni, njoo. Mwenyeji apone.